Theopista na Mtani wa Kila Mtu

Kwenye jineri yetu pale Kishapu, kiwanda cha kutenganisha nyuzi na mbegu, pamba ikiingia kutoka vijijini haiendi moja kwa moja kwenye mashine. Inapita kwanza mikononi mwa wanawake. Wanaketi chini kwenye turubai wanachambua: majani huku, vijiti huku, pamba yenye doa huku, na ile nyeupe ndiyo inayolishwa mashine. Msimamizi wa turubai hilo ni Theopista, ambaye sote tunamwita Mama Tarsisi kwa jina la mwanawe wa kwanza. Mimi nashona magunia ya mbegu karibu kabisa na hapo, kwa hiyo haya ninayoyasimulia sikuambiwa na mtu. Na nikisema mahali fulani kwa hasira mnivumilie, maana bado ninayo.

Mama Tarsisi ni Msumbwa wa Ushirombo. Aliolewa huku kwenye vumbi na ng'ombe, na mumewe alipofariki akabaki hukuhuku. Ni mtu wa kanisa. Saa sita mchana, mashine zingurume zitakavyo, mikono yake husimama kidogo, midomo inacheza, sala ya Malaika wa Bwana inakwisha, kazi inaendelea. Lakini asikudanganye mtu kwamba ni mpole. Ukificha majani chini ya pamba safi ili fungu lako lionekane limekamilika, hakupigii kelele. Anakuja kuketi ubavuni mwako, anaanza kuyatoa yeye mwenyewe, jani moja moja, bila kusema neno, na wenzako wote wanatazama. Nimeona mwanamke mzima akilia kwa kusaidiwa namna hiyo.

Msimu uliopita tukaletewa foromani mpya kutoka mjini Shinyanga, jina lake Frank. Kijana wa miaka thelathini na kitu, mchapakazi, hilo simnyimi. Mashine ikikwama alikuwa wa kwanza kupanda juu kuizibua, akashuka mweupe kwa nyuzi kuanzia nywele hadi viatu. Tatizo lake lilikuwa ulimi. Asubuhi alipokuwa akituita kazini hakutaja jina la mtu, alitaja majina aliyotubandika mwenyewe. Bhoke, kwa wembamba wake, alikuwa Sindano. Mimi nilikuwa Kasuku, na wanaonijua watasema hakukosea sana. Mama Tarsisi, mwanamke wa kumzaa, ambaye hata shikamoo hakuwahi kumpa, alimwita Mama Paroko.

Na Salome akamwita Gunia Tupu.

Salome ni binti wa Samuye, mwenye mikono mepesi kuliko sote pale turubaini. Mume wake alikuwa amemwacha, na mtoto hakuwa naye. Frank aliyajua hayo mawili tu, akaona yanatosha. Kila asubuhi: "Gunia Tupu!" Na Salome aitike, "Nipo." Watu wakacheka, kwa sababu foromani ndiye anayechagua nani arudi msimu ujao na nani abaki nyumbani kuhesabu kuku. Ukikunja uso, jibu lilikuwa lilelile: "Utani tu, jamani! Mimi ni mtani wa kila mtu."

Mtani wa kila mtu! Nilitamani kumshona mdomo kwa sindano yangu ya magunia. Utani una wenyewe. Kuna makabila yanayotaniana, kuna mabinamu, kuna babu na wajukuu. Hakuna mtu anayeamka asubuhi akajipa mwenyewe utani na nchi nzima.

Mama Tarsisi alianza vizuri, kama inavyopasa. Alimfuata Frank faraghani nyuma ya ghala la marobota, nami nilikuwa upande wa pili natafuta kamba.

"Mwanangu," alimwambia, "lile jina la Salome liache. Linamuumiza."

"Mama Paroko nawe! Mbona mwenyewe anaitika?"

"Anaitika kazi. Haitiki jina."

Frank akacheka, akaenda zake. Kesho yake akaita Gunia Tupu kwa sauti kubwa zaidi. Basi Mama Tarsisi akaenda kwa meneja, Bwana Agapiti. Huyo alimpa kiti, akamsikiliza hadi mwisho, akamwambia kwamba kazi inakwenda vizuri tangu Frank aje, na kwamba akina mama wajifunze kuvumiliana na vijana. Mama Tarsisi akamshukuru na kutoka. Aliporudi turubaini nilimwambia aachane nayo. Hana mume, msimu ujao anauhitaji, na Frank ameshajua kwamba amemshitaki.

"Nauhitaji kweli," alisema. "Lakini mimi ndiye niliyewaambia wasichana hawa wasifiche majani. Sasa nifiche mimi?"

Siku chache baadaye malori ya pamba yalijaa uani, na madereva walikuwa wamekaa kivulini wakisubiri kupimiwa. Salome alipita mbele yao na gunia kichwani. Frank alipoona ana watazamaji wapya hakuweza kujizuia.

"Oneni maajabu!" alisema. "Gunia tupu linabeba gunia!"

Madereva waliangua kicheko. Salome alilitua gunia chini, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Akafungua kitambaa kichwani, akajifuta uso, akatoka getini. Hakurudi siku hiyo, wala iliyofuata. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, na usaha ndio huo.

Tuliposikia habari zake zilikuwa za msiba. Alikuwa amekwenda Samuye kwa bibi yake, mzee aliyemlea tangu mama yake alipofariki, akamkuta mgonjwa, na bibi akaaga dunia. Simu ilipigwa kwa Mama Tarsisi asubuhi, wakati wa kunywa uji. Akatutangazia, tukaweka vikombe chini. Kisha akageuka, kikombe mkononi, mbele ya wachambuaji, wabeba marobota na wale wale madereva.

"Foromani," alisema, "si umesema wewe ni mtani wake Salome?"

"Mtani kabisa," alijibu Frank, akitabasamu. Alidhani ni mchezo.

"Basi watani wanaitwa. Mtani hasubiri kualikwa msibani. Yeye ndiye anayechota maji, yeye ndiye anayeshika jembe kaburini. Wenye msiba hawatakiwi kuchoka wakati mtani wao yupo. Gari la saa nne linatupeleka. Utakuja?"

Frank akatazama huku na huku. Akikataa, amekiri mbele ya watu kwamba hakukuwa na utani wowote, yalikuwa matusi matupu. Dereva mmoja akamalizia kazi: "Mtani hakimbii msiba, bwana!" Wote wakacheka, na safari hii walimcheka yeye. Basi akapanda gari. Mama Tarsisi alikaa mbele na rozari yake, hakumsemesha njia nzima.

Samuye tulipokelewa na shangazi yake Salome, anaitwa Noela, mama mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Mama Tarsisi alimsalimu, akampa pole, akasema, "Na huyu ni Frank, mtani wa Salome huko kazini."

Shangazi akamtazama kutoka juu hadi chini. "Mtani? Kwa upande gani?"

Frank akamgeukia Mama Tarsisi.

"Hata hivyo karibu, mtani. Wabeja, asante kwa kuja. Ndoo zile pale."

Siku ile nilimwona foromani wetu akichota maji kisimani, akisugua masizi ya masufuria kwa majivu, akipasua kuni. Na kwa kuwa mtani hutaniwa pia, bibi vizee wa Samuye hawakumhurumia. Mmoja aliuliza kama mama yake alimzaa au alimwokota mnadani. Mwingine alisema mikono laini namna ile hata mbuzi haimfungi. Akaendelea kusugua. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Mimi nilicheka hadi nikajificha nyuma ya kihenge cha nafaka, Mungu anisamehe, msibani.

Salome alikuwa ndani na wafiwa. Alipotoka akamwona Frank ameinama juu ya sufuria, alisimama mlangoni kidogo, kisha akarudi ndani.

Mchana wanaume walikwenda kuchimba kaburi pembeni ya boma la bibi, karibu na ua wa minyaa, na Frank akapewa koleo. Nilikuwa nimewapelekea maji ya kunywa. Alikuwa anafanya kazi kwa bidii, kama anavyofanya kazi zote, anautupa udongo upande wa minyaa bila kuangalia. Shangazi Noela akaja mbio.

"Mtani! Udongo usiumwage huko!"

"Kuna nini huko, shangazi?"

"Wamelala watoto wa Salome."

Ndipo nami nilipoyaona. Makaburi mawili madogo, yamezungushiwa mawe, moja udongo umekwisha kulifunika nusu. Shangazi alieleza akitweta, bila hasira, maana hakujua alikuwa anamweleza nani. Mume hakuwahi kuleta ng'ombe wa mahari, kwa hiyo watoto ni wa ukoo wa mama, wakazikwa hapa. Wa kwanza alikuwa ameshaanza kutembea, akaondoka na homa. Wa pili hakumaliza hata siku. Bibi aliomba kabla ya kufa azikwe karibu nao, asiwaache peke yao.

Frank aliliweka koleo chini. Akapiga magoti, akaanza kuuondoa ule udongo kwa mikono, kidogo kidogo, akiyapangusa mawe na kuyarudisha mahali pake. Waliokuwa wakichimba wakasimama kumtazama. Hakuna aliyemtania. Na mimi niliyetaka kumshona mdomo niliona huruma imenijaa kifuani, nikashindwa hata kumkaribisha maji.

Mama Tarsisi alikuwa amesimama kwenye njia. Nilipompita nilimuuliza kwa kunong'ona kama alijua habari za makaburi yale. Alitikisa kichwa. "Sikujua," alisema, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Nilitaka achote maji tu."

Wiki iliyofuata Frank alikuja turubaini asubuhi na mapema, kabla watu hawajafika wengi. Alikuwa na mfuko, na ndani ya mfuko kitenge kipya.

"Shikamoo, mama," alisema.

Nilikaribia kujidunga kwa sindano. Mama Tarsisi akajibu kana kwamba amekuwa akiisikia kila siku: "Marahaba, mwanangu."

"Nasikia Salome anarudi kesho. Naomba umpe hiki. Umwambie... umwambie nimekosa."

Mama Tarsisi aliuchungulia mfuko, akamrudishia. "Kitenge kizuri. Lakini kitenge hakina mdomo. Ulimtukana mbele ya watu, mbele ya madereva, na radhi unataka kuipitisha mlango wa nyuma?"

"Watanicheka, mama. Foromani akichekwa, kazi itaenda?"

"Umechekwa Samuye siku nzima, na kaburi likachimbika."

Frank akachukua mfuko wake akaondoka. Nilimwambia Mama Tarsisi kwamba amekaza kamba mno, kwamba sasa msimu ujao hatuuoni, si yeye wala mimi niliyekuwa nimekaa nikisikiliza. Akaniambia nishone magunia.

Kesho yake Salome akaja. Frank alikuwa amesimama getini, akamzuia kwa adabu, wakasimama wawili. Hatukuyasikia yote. Tulimwona Frank anauliza jambo, na Salome akamtazama muda mrefu, mtu angedhani atampiga kofi. Kisha akajibu neno moja, akapita, akaja kusimama mahali pake.

Uwanja ulikuwa umejaa. Malori, madereva, hata Bwana Agapiti alikuwa ameshuka ofisini. Frank akaanza kutuita, na mara hii alituita kwa majina tuliyopewa na wazazi wetu, akijikwaa, kwa kuwa hakuyazoea. Bhoke alichelewa kuitika, hakujua ni yeye. Alipofika kwa Salome aligeuka kututazama sote.

"Nimemtukana mwenzetu huyu mbele yenu nyote," alisema. "Nikasema ni utani. Haukuwa utani. Naomba radhi kwake, na kwenu."

Dereva mmoja akaanza kucheka. Mama Tarsisi akageuza shingo kumtazama, kicheko kikakoma.

Huku kwetu mwanamke aliyezaa huitwa kwa mwanawe. Salome alikuwa amezaa mara mbili, na tangu alipozika hakuna aliyethubutu kumwita hivyo. Watu wa kwao waliona ni kumtonesha. Wakamwachia jina lake la usichana, nasi tukalifuata, kana kwamba wale watoto hawakuwahi kupita duniani.

"Mama Justa," aliita Frank, kwa jina la yule mtoto wa kwanza, lile aliloambiwa getini.

Salome alikuwa ameinamisha kichwa, machozi yanadondoka kwenye pamba, na hakuyafuta. Frank hakuruka kwenda jina linalofuata. Alisubiri.

"Mama Justa," aliita tena, taratibu.

Akainua kichwa. "Nipo," alisema, kwa sauti iliyofika hadi kwenye malori.

Mama Tarsisi alipitisha kiganja usoni mara moja, akaketi chini, akavuta fungu la pamba. "Haya, akina mama," alisema. "Majani hayajitoi yenyewe."