Siku Mama Alipokwenda Kukagua Himbi

Mama yangu hakujua Kifaransa, lakini alijua watu. Mimi nilikijua Kifaransa, na kwa muda mrefu nilidhani hiyo ndiyo akili.

Miaka ile ya hamsini, koleji ya Wazungu hapa Goma ilianza kupokea weusi wawili watatu kwa majaribio. Darasani kwetu nilikuwa peke yangu. Hakuna aliyenitukana, nisiwasingizie. Ila madawati yote yalikuwa ya watu wawili, na langu lilikuwa la mtu mmoja. Siku moja padri alinisifu mbele ya wote kwamba sinuki, tena kwa upole kabisa, nami nikajibu asante. Asante ile hadi leo inanikera.

Ili nikubaliwe moja kwa moja, ilibidi nyumba yetu ikaguliwe. Ikionekana chafu, ninarudishwa. Nyumba za wenzangu hazikukaguliwa. Alitumwa mama mmoja Mzungu wa kamati ya wazazi, ambaye mwanawe nilisoma naye. Alifika na gari, akafunua masufuria, akachungulia chini ya kitanda changu, akanusa blanketi. Aliuliza kama tunakula kwa uma. Mwishoni akatabasamu kwa mshangao: "Mwambie mama yako nyumba yake ni safi. Kweli." Nikatafsiri huku nimejaa fahari. Akasema kamati itaniandikia.

Mama alimsindikiza hadi garini, akarudi, akafunika masufuria yake moja moja.

"Ule ni mugeni wetu," akasema. "Siku ya Mungu tutaenda kwake."

Kwetu Rutshuru ndiyo desturi: aliyekutembelea, nawe humtembelea, tena huendi mikono mitupu. Usipokwenda umemdharau. Nilimwambia yule hakuja kutembea, alikuja kukagua.

"Aliingia mu nyumba yangu, nikamupa kiti," mama akajibu. "Kama haikuwa kutembea, ilikuwa nini?"

Nililia, siwafichi. Niliiona koleji inaponyoka mikononi mwangu kwa sababu ya adabu za mama. Baba, karani wa posta, alikumbuka ghafla kwamba ana kazi ofisini, siku ya Jumapili.

Baada ya misa tukashika njia ya Himbi, mtaa wa Wazungu, kwa miguu, mama katika kitenge chake cha sikukuu, kapu la viazi na maharagwe kichwani. Tulipofika barazani kwa yule Mzungu, mpishi wake alituelekeza mlango wa nyuma.

"Hapana, papa, miye niko mugeni," mama akamwambia kwa heshima, akabaki amesimama pale pale barazani hadi mwenye nyumba akatoka.

Yule mama alipokea kapu, maana hakujua afanye nini kingine. Mama aliketi kidogo, kisha akainuka, akaingia jikoni. Hakuwa na haraka. Alifunua sufuria, akaifunika. Alichungulia chini ya kitanda cha mtoto, na mtoto mwenyewe, mwenzangu wa darasani, amesimama pembeni mwekundu kama nyanya. Blanketi hakulinusa. Alilikunja tu vizuri, akalirudisha mahali pake.

"Muambie nyumba yake iko safi," mama akaniambia. "Kweli."

Nikasema kwa Kifaransa sentensi ile ile niliyotafsiri nyumbani, neno kwa neno, nikamwona yule mama anaitambua. Aliangalia chini, akasema asante kwa sauti ndogo. Nilikuwa sijawahi kumsikia Mzungu akimshukuru mama yangu.

Tangu hapo nimesoma vitabu vingi na kukaa na watu wakubwa, na bado sijaona ujasiri unaoushinda ule wa mwanamke aliyefunika sufuria ya mwenzake bila kelele. Hata hasira hakuwa nayo. Njiani kurudi alizungumzia bei ya viazi.

Mimi nilihesabu siku kwa hofu. Alhamisi barua ikaja: nimekubaliwa. Nilimsomea mama mara mbili, huku nikitafsiri. Alisikiliza mpaka mwisho, akafikiri.

"Na mutoto wa ule mama, naye walimuandikia?"

"Hapana, mama."

"Maskini. Basi kesho umuambie asiogope. Miye nilishamukubali."