Kipande cha Boga

Fundi cherehani alimpangia mwanawe vipande laini vya boga, parachichi na ndizi mbivu, kila kimoja urefu wa kidole. Mtoto akavitupa vyote sakafuni. Uji alishaukataa, maziwa ya fundi yalikuwa yamekauka, na mbavu za mtoto zilianza kuonekana.

"Nimeshindwa, mama," alimwambia mama mkwe wake. "Huyu ataniponyoka mkononi."

"Na wewe umekula nini leo?"

Fundi aliinama, akaanza kuokota vipande sakafuni.

"Basi anakuiga wewe! Nyumba nzima mmegoma, nimpikie paka?"

Fundi alichukua kipande kingine cha boga kutoka bakulini, akakitafuna huku machozi yakimtoka. Mtoto akamkazia macho mdomoni, kisha akanyoosha mkono. Akapewa kingine, akakipeleka kinywani. Mama yake akaogopa hata kupumua, asije akakitema.