Posho ya Siku za Tope

Mimi ni mtu wa kelele, na sijawahi kulificha hilo. Wenzangu wakisimulia mambo ya kazi husimulia wamekaa, wanavuta tumbaku. Mimi nikifika kwenye habari ya ule ugomvi wetu na kampuni, nasimama. Hata leo, na magoti haya, nasimama.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Nilikuwa dereva wa lori kwenye kampuni moja ya Tabora iliyochukua vifurushi na magunia ya barua kutoka stesheni ya reli na kuvisambaza: upande huu Sikonge na Ipole, upande ule Nzega na Igunga. Waajiriwa hatukuwa. Tulikuwa watu wa mkataba, tukilipwa kwa safari. Ukifikisha mzigo ukarudi, umelipwa safari moja. Kiangazi mkataba ule ulikuwa mtamu kama asali, maana dereva mwepesi aliweza kwenda na kurudi mpaka akachoka mwenyewe. Mvua zikianza, asali inageuka shubiri. Udongo mweusi wa mbuga za Igunga ukilowa, lori linazama mpaka ekseli, na hapo mtalala, wewe na utingo wako, mkila mnachopewa na wachungaji wenye huruma, hadi ardhi ikauke. Ukirudi mjini umekonda, tajiri anakuhesabia safari moja ile ile.

Mwaka mmoja nilikwama muda mrefu kuliko siku zote. Nikiwa huko, baba mkwe alikuja Tabora kutoka kijijini kwake Choma kutusalimia, akamkuta binti yake anachemsha majani ya maboga, na unga hakuna. Hakugomba, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Aliningoja mpaka nikarudi, akaniambia mbele ya mke wangu, kwa upole kabisa, "Mwanangu, lori lako likilala, nyumba yako nayo inalala na njaa. Siku litakapokulisha hata likiwa limelala, njoo Choma umchukue mwenzio." Akaondoka naye pamoja na mtoto wetu. Mkono mtupu haulambwi.

Basi nikawa mtu wa neno moja. Kila nilipokutana na dereva mwenzangu nilimwambia tudai posho ya siku za tope. Wala hatukuwa tunazua jambo jipya. Babu zetu walipokuwa wapagazi, wakibeba pembe kutoka kwetu mpaka pwani, walipewa posho kila siku, hata siku ambazo mizigo ilikuwa chini na msafara umesimama kwa sababu ya mto uliofurika au chifu aliyetaka hongo. Tumbo halijui kama msafara unatembea au umesimama. Tulikwenda bomani kwa bwana shauri, yule Mzungu wa serikali, tukamweleza hayo yote. Alitusikiliza vizuri, akasema mkataba ni mkataba. Tukarudi kwa tajiri, tajiri akasema kama bwana shauri.

Mawingu ya mvua mpya yalipoanza kujikusanya, tajiri alituita uani kwake tuweke dole gumba kwenye mikataba ya msimu. Gari moshi lilikuwa limefika asubuhi ile, malori yamekwisha kupakiwa, na lori la barua lilikuwa mbele kabisa limeelekea getini, likisubiri ruhusa. Tajiri akatutangazia kwamba asiyetaka mkataba yuko huru, maana kuna madereva Dodoma wanatafuta kazi. Nilijua nikiweka dole kwenye karatasi ile jinsi ilivyo, mke wangu atabaki Choma msimu mwingine mzima.

Tajiri yule hakuwa mtu mbaya, nimtendee haki. Alizaliwa Tabora, baba yake alitoka Maskati, na mama yake alikuwa Mnyamwezi wa upande wa Ipole. Huyo mama hakumtaja ovyo. Alimtaja alipokuwa ananunua asali. Hapo utamsikia, "Wajomba zangu hawa, wajomba zangu hawa," na bei inateremka kwa ujomba. Siku ile wajomba wenyewe walikuwepo uani, wazee wa Ipole na asali yao kwenye vyombo vya magome ya miti, wakingojea kupimiwa.

Alipoona tumenuna, akaacha ukali akaleta udugu. Alisema hatuna haja ya kugombana kama wageni. Akajipiga kifua akasema, "Mimi ni mwenzenu. Damu yangu Mnyamwezi."

Wazee wa asali wakaitikia kwa vichwa. Sisi tukatazama chini. Ndipo aliponyanyuka mwenzetu mmoja ambaye hakuwahi kusema neno kwenye mikutano yetu yote. Alikuwa Mzaramo, mrefu, mwembamba, aliyeletwa Tabora na reli, na kwa kuwa Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu siku hizo za misafara, kazi yake kila siku ilikuwa kututukana. Alikuwa akisema Mnyamwezi hata akiota ndoto amebeba mzigo. Nasi tulimjibu kwamba Mzaramo akiuona mzigo tu anashikwa na homa. Mtani hakasirikiwi, ndiyo sheria. Atachukua kuku wako, atacheka msibani kwako, na ukitaka akuachie, utajikomboa kwa kumlipa.

"Kumbe Mnyamwezi?" alimwambia tajiri, uso umemng'aa. "Miaka yote hii nakuita bwana, kumbe mtani wangu!"

Akavua kofia, akatembea taratibu mpaka getini, akajilaza chali mbele ya magurudumu ya lori la barua, akafumba macho. "Mtani," akasema, "nimekufa. Nimefia topeni Igunga. Nizike."

Kisha mimi, mtu wa kelele, nikaelewa. Nikajitupa chini kando ya maiti nikalia, jamani, nililia! Nikamlilia marehemu kwa kabila lake, kwa uvivu wake, kwa tumbo lake lililosahauliwa na tajiri. Wenzangu wakadakia. Akina mama waliokuwa wakiuza mihogo nje ya ukuta wakaja mbio wakidhani kuna msiba kweli, walipoona ni utani wakajifunga khanga viunoni wakaanza kuomboleza kuliko sisi. Mtaa mzima ukajaa getini. Wazee wa Ipole walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

Tajiri akaangalia barua zake zisizoweza kutoka, akaangalia watu, akaangalia wajomba zake. Niliona hasira imemfika hapa, kwenye koo. Lakini angekasirika vipi? Akikasirika, si Mnyamwezi, na wenye asali wanamsikiliza. Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga. Akatoa shilingi mfukoni akaiweka kifuani mwa maiti.

Maiti akafumbua jicho moja. "Hii ya sanda," akasema. "Kaburi je?"

Akaongeza. Maiti akasema kaburi limechimbwa, ila yeye hawezi kulala humo kwa amani akiwa na deni. Alilala topeni siku nyingi na hakuna aliyezihesabu. Mmoja wa wazee wa Ipole, angali anapangusa machozi ya kicheko, akamwambia tajiri kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mpwa wangu, marehemu anadai haki. Mzike vizuri."

Pale tajiri akashindwa. Alianza kucheka, kwanza kwa shida, halafu cheko lenyewe likamchukua, akacheka mpaka kilemba kikalegea. Akasema mbele ya umati ule wote, "Haya, fufuka. Siku ya tope ina posho yake. Kila siku."

"Na utingo?" aliuliza maiti, bado amelala. "Tulikufa wawili."

"Na utingo."

Akafufuka. Sijui nani alimbeba mabegani kwanza, nadhani ni mimi. Mkataba ukaandikwa upya jioni ile, nikaweka dole langu kwa nguvu mpaka wino ukatapakaa.

Kesho yake nilikuwa Choma. Baba mkwe alinisikiliza mwanzo hadi mwisho, akacheka mahali pa kuchekesha, akatikisa kichwa. "Neno la tajiri nimelisikia," akasema. "Sasa nataka kuona tope likilipa." Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni. Mimi sikuruhusiwa kumchukua.

Tangu siku hiyo nikawa dereva pekee katika Tanganyika aliyeomba kukwama. Mvua ikanijibu. Ilinikamata mbugani, lori likazama, na utingo wangu akaona ninaruka-ruka ndani ya tope nikipiga vigelegele, akadhani malaria imenipanda. Tulikaa pale mpaka ndevu zikaota. Nilipofika Tabora tajiri alinilipa siku zote, akinung'unika kwamba Mzaramo yule atakuja kumuua kweli, lakini alilipa.

Nikaenda Choma bila hata kubadili shati. "Shikamoo, baba," nikasema, nikamwekea pesa mkononi. Aliitikia marahaba, akazitazama, akanirudishia zote, akaita ndani kwamba mwenye mke amefika. Nilitegemea kungoja nusu siku, maana unajua wanawake na mizigo ya safari. Mke wangu akatoka papo hapo, mtoto mgongoni, bunda kichwani, limefungwa kamba ambayo tayari ilikuwa imeshika vumbi.

Nikamuuliza alijuaje kwamba nakuja leo.

"Sikujua," akasema. "Nilifunga mzigo siku mvua ilipoanza. Kila ilipopiga radi upande wa mbuga, baba alikuwa akisikitika, masikini mkwe wangu amekwama. Na mimi nilikuwa nageukia ukutani, ili asinione ninavyocheka."