Tulitawadhana Miguu Bila Kusemezana

Kanisa letu hapa Manga linajua kupatanisha watu haraka. Wewe na mwenzako mkikosana, hakuna anayewauliza mlikosania nini. Mnangojewa tu mpaka ile Sabato ya Meza ya Bwana, ambayo kabla ya mkate tunatawadhana miguu, wanaume chumba chao, wanawake chumba chao. Hapo mama shemasi anakusukuma taratibu hadi mbele ya yule usiyetaka kumwona. Mkishainuka na taulo zenu, basi, kesi imekwisha. Nani atathubutu kusema bado ana kinyongo?

Hivyo ndivyo tulivyopatanishwa mimi na jirani yangu. Tuliolewa kwenye kilima hiki msimu mmoja, tukaimba kwaya pamoja, yeye sauti ya kwanza, mimi ya pili. Mboga za chinsaga zikiniishia shambani, nilichuma kwake bila hata kubisha hodi. Kisha yeye na mumewe wakapanda mikaratusi karibu na chemchemi tunayochota sote, na miti ile ikanywa maji mpaka tukabaki na tope. Nilimwendea nikamwambia maneno mbele ya wanawake waliokuja na mitungi, na mdomo wangu huu, jamani, mama yangu mwenyewe aliuogopa. Akanijibu kwamba mtu anayeomba hata kuni hawezi kumfundisha kupanda miti.

Sabato ya Meza ilipofika tukawekewa karai moja. Tukatawadhana. Akina mama wakaimba, mama shemasi akafuta machozi. Tangu siku hiyo, kila robo ya mwaka tulikuwa sisi wawili, mfano wa kanisa zima, na hatukuwahi kuambiana lolote zaidi ya "Sabato njema, dada." Miaka ya mwanzo, maji yakiwa moto mno nilivumilia. Kumwambia aongeze ya baridi kungekuwa kumzungumzisha.

Mimi nina ugonjwa wa sukari. Nyayo zangu zilikuwa zimekufa ganzi muda mrefu, na sikujali, kwani mguu usiouma una shida gani? Msimu mmoja wa mvua nilichuma chai nikiwa na kijiwe ndani ya gambuti. Sikukisikia. Kilichimba chini ya kidole gumba, nami nikaendelea na kazi zangu, nikikamua, nikipika, nikipanda na kushuka kilima kwenda kanisani.

Meza ikafika tena. Jirani yangu alipiga magoti, akaushika mguu wangu wa kulia, akaugeuza, akasita. Nakumbuka alivyosita kwa sababu nilikasirika kimoyomoyo: huyu ananichunguza nini, uchafu? Kisha akaumwagia maji, akaupangusa polepole kuliko siku zote, akanikumbatia, akaenda zake.

Binti yangu ndiye aliyekigundua kile kidonda, na ni harufu iliyomwambia. Hospitalini mjini Kisii daktari alisema tungewahi kidogo wangekisafisha tu, nirudi nyumbani. Mguu waliukata chini ya goti.

Kanisa lilinitunza, siwezi kudanganya. Walinichumia chai kwa zamu, wakaniletea ndizi na maziwa, wakaniombea mpaka nikachoka kufumba macho. Jirani yangu hakuonekana. Nikajisemea, kumbe huyu bado yuko kwenye miti yake, hata nikatwe shingo.

Alikuja robo iliyofuata, mchana wa Sabato, wenzetu wakiwa wametoka kwenye Meza ambayo sikuweza kuhudhuria. Alikuwa amebeba karai na chupa ya chai iliyojaa maji moto. Hakunisalimia. Alipiga magoti mbele ya kiti changu akasema, "Dada, nilikiona. Kidonda chako nilikiona siku ile, nikanyamaza."

Hasira zilinipanda. Nilitaka kumpiga teke kwa mguu nisio nao. "Ulinyamaza kwa nini?"

"Niliogopa utasema nakuaibisha mbele ya watu." Alikuwa analia. "Niambie ukweli. Ningekuambia, ungenisikiliza?"

Nilitamani sana kusema ndiyo. Ningesema ndiyo, mzigo wote ungekuwa wake, nami ningebaki mwanamke wa kuhurumiwa tu. Lakini mdomo huu naujua. Ningemwambia kwa sauti, wote wasikie, akachunguze miti yake aiache miguu yangu.

"La," nikamwambia. "Ningekutukana."

Tukalia wote wawili, ovyo ovyo, mpaka binti yangu akatoka jikoni akidhani kuna msiba. Najuta. Naujutia mguu, naam, kila ninapoketi mlangoni nikitazama wengine wakichuma chai yangu. Lakini zaidi najutia robo zile zote tulizokaa ana kwa ana, miguu yangu mikononi mwake na yake mikononi mwangu, kila mmoja akingoja mwenzake aanze.

Alipopata nguvu alimimina maji, akaushika mguu uliobaki. Akautazama kisiginoni, unyayoni, katikati ya kila kidole, akiniambia kwa sauti kila alichokiona, hata pale ambapo hapakuwa na kitu.