Fundi wa Kompyuta wa Kanyenye

Fundi wetu wa kompyuta pale Kanyenye hupanga kila skrubu kwenye kisahani cha kikombe, na huzungumza kwa sauti ya chini hata soko likivuma. Nilimpelekea kompyuta ya marehemu baba, nijue kama itabeba kadi ya picha nipate kuhariri video za harusi. Alipuliza vumbi, akapima nafasi kwa vidole, akasoma kibandiko cha pawa saplai, kile kisanduku kinachoilisha kompyuta umeme. "Kadi itaenea, mwanangu, ila umeme hautatosha. Tubadili pawa saplai."

Kisha akachukua mfuniko wa kasha la kompyuta aurudishe. Upande wa ndani wa mfuniko, baba alikuwa ameandika kwa kalamu nzito: *Ya Rahaf, akikua.* "Rahaf si wewe?" fundi aliuliza. "Ni mimi." Akavua miwani, akanigeuzia mfuniko nisome mwenyewe. "Kasha hili," alisema, "hatulibadilishi."