Siku Nitakapogonga Mlango

Kazi yangu ni kuandika masharti. Watu huja ofisini kwangu wakitaka kuuziana kiwanja, kupangishana nyumba au kufungua duka pamoja, nami nawaandikia nani atafanya nini na nani asifanye nini. Lakini kabla hawajatia sahihi nawasimamisha wakitazamana, mmoja amuulize mwenzake kwa mdomo, na mwenzake amjibu kwa mdomo. Wengi hucheka. Wenye simu mbili mkononi ndio hucheka zaidi. Waache wacheke. Asiyetaka kuulizwa aende kwa wakili mwingine, Bujumbura ina mawakili wengi kuliko ndagala za ziwani.

Ukaidi huu nimeurithi kwa mama yangu. Yeye alikuwa mpiga taipu katika ofisi moja ya serikali, na mikataba aliijua kwa vidole kabla mimi sijaijua kwa kichwa. Alirudi nyumbani jioni na wino kwenye kucha, akilalamika kwamba wakubwa huandika kurasa tano kwa jambo la sentensi mbili. Nasema haya mapema ili asije mtu akadhani mama hakujua thamani ya karatasi. Aliijua vizuri, na ndiyo maana aliikataa.

Ilikuwa mwaka wa pili wa vita. Tulikuwa na nyumba Gihosha, mtelemkoni, nyumba ya matofali ambayo baba aliijenga chumba kwa chumba kisha akafa kwa ugonjwa wa kawaida kabla risasi hazijaanza. Mtaa ulikuwa umeanza kutukataa. Majirani wa upande wetu waliondoka mmoja mmoja, na nyumba zao zikabaki bila milango, kisha bila mabati. Sitasema sisi tulikuwa kabila gani. Anayetaka kujua akawaulize wale vijana waliosimamisha watu barabarani, wao ndio waliojifanya mabingwa wa kusoma pua za watu.

Upande wa pili wa mji mambo yalikuwa yaleyale, ila kwa kugeuzwa. Mwalimu aliyenifundisha darasa la nne alifukuzwa mtaani kwake na nyumba yake ikachomwa. Alikuwa akilala darasani na mke wake na watoto. Yeye angeweza kuishi mtaani kwetu bila kuguswa, jambo ambalo sisi hatukuliweza tena. Mama alimfuata shuleni akamwambia aje kukaa kwetu, alinde nyumba, mpaka siku tutakaporudi.

Walikutana uani kwetu mchana kweupe. Tulikuwepo mimi, mama, mwalimu, na bibi jirani ambaye alipika pombe ya mtama kuliko mtu yeyote Gihosha na ambaye alikuwa amekataa katakata kuhama. Alikuwepo pia rafiki wa marehemu baba, fundi wa magari wa Buyenzi, Mwislamu, ambaye alikuja na pikapu yake kubeba vitu vyetu. Bibi alileta mtungi na mirija ya mabua, kwa sababu kwetu makubaliano yasiyonywewa hayajakubaliwa. Wanaovuta kwenye mtungi mmoja siku hiyo ndio mashahidi, na siku ya ugomvi hawawezi kusema hawakuwepo.

Mwalimu alikuwa amekuja na kalamu na karatasi ya daftari.

"Mama, tuandike," alisema. "Mi niko mwalimu. Bila kuandika sisikie muzuri."

"Apana," mama akasema. "Hiyo papye utaiweka wapi? Mu mufuko? Wakikusimamisha, wasome jina yangu, na jina yako, na jina ya huu mutaa, utawaambia nini? Tutasema kwa mudomo. Na tutasema Kiswahili, kila mutu asikie."

Kiswahili cha mjini hakikuwa cha upande wowote, na ndiyo lugha ambayo fundi aliota nayo. Mwalimu akarudisha kalamu mfukoni. Nakumbuka nilimhurumia sana.

"Utakaa humu na hautauzisha?" mama akauliza.

"Nitakaa, sitauzisha."

"Siku nitagonga huu mulango, utatoka?"

"Siku utagonga, nitatoka."

Mama akatikisa kichwa, akakaribia mtungi. Mwalimu akamzuia. "Na mi niulize. Kama utagonga wakati ya mvua, utaningojea mpaka ikate?"

"Nitakungojea mpaka ikate."

Wakavuta. Mama, mwalimu, bibi. Ilipofika zamu ya fundi akaweka mkono kifuani. "Bibi, unajua dini yangu."

Bibi akakasirika kweli. "Shahidi mwenye hakunywa, njo shahidi gani? Kesho atasema alikuwa anatengeneza motokari!"

Vitu vyetu vilikuwa juu ya pikapu, milio ya risasi ilikuwa ikisikika upande wa Kamenge, na wazee wawili walikuwa wakibishana juu ya pombe. Mwisho bibi alikwenda nyumbani kwake akarudi na chupa ya Fanta aliyoiweka kwa ajili ya wageni wa ubatizo. Akaifungua kwa meno, akachomeka mrija mpya, akaiweka chini katikati ya duara, kando ya mtungi. "Vuta!" Fundi akapiga magoti akavuta kama wengine, na gesi ikampanda puani, akacheua kwa sauti. Tukacheka wote, hata mwalimu. Kisha tukapanda pikapu tukaondoka, na sikuthubutu kutazama nyuma.

Buyenzi tulipewa chumba katika ua wa fundi. Chumba kilivuja, lakini mtaa ule ulikuwa umekataa kugawanyika, na mtu wa kila upande alipata mahali pa kukaa. Hapo ndipo nilipojifunza Kiswahili hiki ninachoandikia. Siku za mji kufa, kama zilivyoitwa, wakati vijana wenye mawe walipofunga barabara zote, mama alikwenda kazini kwa miguu akipita nyuma ya karakana. Alikuwa akisema hakuna mtoto wa mtu atakayemwambia leo si siku ya kazi. Nilimwogopea kila alipotoka, na kila aliporudi nilimkasirikia.

Vita viliendelea mpaka nikafika chuo kikuu kusoma sheria. Somo la sheria ya Kirumi lilikuwa saa ya kusinzia, mpaka siku mhadhiri alipotueleza sharti lilivyokuwa zamani. Alisema Warumi walifunga ahadi kwa swali na jibu. Mmoja aliuliza, "Unaahidi?" Mwingine alijibu kwa neno lilelile, "Naahidi." Jibu likichelewa, au likija kwa neno jingine, hakuna kilichofungwa. Bubu hakuweza kuahidi hivyo, wala kiziwi, kwa sababu lazima sikio lisikie na mdomo useme. Na mtu hakuweza kuahidi badala ya mwenzake. Kuhusu asili ya jina la ahadi hiyo kwa Kilatini, stipulatio, alisema hakuna aliye na hakika. Wapo waliolitoa kwenye neno la Kilatini lenye maana ya kitu imara. Wapo waliolitoa kwenye neno la bua kavu, kwa kuwa eti watu wa kale waliahidiana wakivunja bua, kila mmoja akabaki na kipande.

Darasa zima lilicheka. Mkataba bila karatasi! Mabua! Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeona mirija ya bibi kwa macho yangu, na nilitaka kusimama niwaambie kwamba Warumi wao walikuwa wakaazi wa Gihosha. Lakini nilinyamaza, maana kueleza kungekuwa kusema nyumba yetu ilikuwa wapi na kwa nini tuliondoka. Miaka ile hata hadithi ya nyumba ilikuwa kitambulisho.

Mikataba ya amani ilipotiwa sahihi na wakubwa, na mitaa ikaanza kupumua, mama alivaa kitambaa chake cha Jumapili akapanda Gihosha kugonga. Nilikwenda naye, na fundi pia. Mlango ulikuwa uleule. Aliyefungua hakuwa mwalimu, alikuwa shemeji yake, kaka wa mke wake, mfanyabiashara mwenye nyumba Kinindo, mtaa wa matajiri, na gari la vioo vyeusi. Akatutazama kama wauza maandazi.

"Hii parsele ni ya Mwalimu," alisema. "Kama iko yako, onyesha papye."

Hati ya kiwanja tulikuwa nayo zamani, ikaungua pamoja na kabati la ofisi alimoihifadhi mama. Yule bwana alilijua hilo. Nyuma yake ukumbini nilimwona mwalimu, amezeeka, akitazama sakafu. Aliniona, akamwachia shemeji yake aseme. Huyu ndiye aliyenifundisha kwamba mtu akiulizwa swali husimama akajibu. Nilimchukia siku hiyo, na sioni haja ya kulificha.

Kesi ilipelekwa kwa Bashingantahe, wazee wa mtaa waliokabidhiwa fimbo ya kuamua. Walikaa kwenye mabenchi uani, palepale palipowekwa mtungi. Yule bwana wa Kinindo alizungumza vizuri, lazima nikiri. Alisema mkataba hakuna. Alisema bibi mpika pombe amekwishakufa, Mungu amrehemu. Na huyu fundi, akasema akitabasamu, yeye mwenyewe anajua hakunywa. Shahidi asiyekunywa si shahidi, ndiyo mila yetu.

Hapo wazee waliniudhi, maana walilichukua jambo hilo kwa uzito wote. Mmoja akauliza kama ile Fanta ilimiminwa ndani ya mtungi au ilibaki katika chupa. Mwingine akauliza mrija ulikuwa wa nani. Fundi akajibu, chupa iliwekwa katikati ya duara na mrija ulitoka kwenye fungu la mirija ya bibi, na yeye alipiga magoti kama wenzake. "Na kucheua nilicheua," akasema, "Mwalimu alisikia, akacheka." Wazee wakageuka kumtazama mwalimu. Yule bwana akawahi kusema shemeji yake hakumbuki.

Kisha akamgeukia mama kwa sauti ya upole ambayo ilikuwa vitisho vitupu. "Mwenye nguvu mupishe, mama. Vita imeisha. Tusianze ingine."

"Vita uliiona wapi?" mama akamuuliza. "Kinindo?"

Watu wakaguna. Mama akasimama. Hakuwatazama wazee, wala yule bwana, alivuka ua akasimama mbele ya mwalimu. Bwana akaanza tena kumjibia, na mama hakupandisha hata sauti. "Sikukuuliza we. Siku ile haukukuwako. Nauliza mwenye alinijibu." Nikamkumbuka mhadhiri wangu. Pale uani, mbele yangu, mtu alikuwa anajaribu kuahidi badala ya mwenzake, na mpiga taipu wa serikali alikuwa amemkatalia.

"Mwalimu," akasema. "Siku nitagonga huu mulango, utatoka?"

Mke wake alikuwa amemshika shati. Niliwaza, akisema hapana, au akinyamaza tu, tumekwisha. Hatuna kingine duniani ila kinywa cha mtu huyu.

Mwalimu akainua uso. "Siku utagonga, nitatoka," alisema. Kisha, kwa sauti ndogo, kama mtu anayejaribu kuona iwapo ufunguo bado unafungua mlango: "Utaningojea mpaka mvua ikate?"

Mvua zilikuwa zimeanza wiki ileile. Nilitaka kupiga kelele. Baada ya hila yote hiyo anaomba kungojewa!

"Nitakungojea mpaka ikate," mama akasema.

Mzee mwenye fimbo akaigonga chini, na kesi ikaisha. Yule bwana alipita karibu yangu akicheka kwamba mama ameshinda nyumba ili akalale kwenye dimbwi. Na kweli tulilala kwenye dimbwi. Miezi ile ya mvua chumba cha Buyenzi kilivuja kila pembe. Nilimwambia mama tukalete askari, au nikatafute wakili, kwa kuwa mwenzetu alituchezea na hastahili hisani.

"Si hisani," mama alisema akipanga masufuria chini ya matone. "Aliniuliza, nikamujibu. Unataka nikuwe kama bwana wa Kinindo?" Nikamuuliza ingekuwaje kama mwalimu angekataa mbele ya wazee. "Ningerudia kuuliza kesho yake," akasema. "Na kesho kutwa. Hata angechoka kukataa."

Mvua ilikata. Vumbi la kwanza liliporuka tulipanda Gihosha. Pikapu ya fundi ilikuwa imetangulia, ileile iliyotubeba sisi, na sasa ilikuwa imepakia magodoro ya mwalimu, kabati na kuku kwenye kikapu. Mke na watoto wake walikuwa wameketi juu. Walikuwa wanarudi kwenye kiwanja chao kilichochomwa, kuanza upya chini ya turubai. Bwana wa Kinindo hakuonekana, wala gari lake.

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Ndani palikuwa pamefagiwa, pakavu, pamoja na alama nyeupe ukutani mahali ambapo ubao wa mwalimu ulikuwa umetundikwa. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama katikati ya ukumbi mtupu, amevaa koti, mikono mitupu. Mama alifika kizingitini akataka kuingia kumsalimu.

"Mama, gonga," mwalimu akasema.

"Mulango iko wazi, Mwalimu."

"Gonga. Kule kwetu walinifukuza, nikakimbia na kiatu moja. Usipogonga, watu watasema hata hapa nilifukuzwa. Mi sifukuzwi tena. Natoka kwa sababu nilisema."

Chuki yangu yote ikanitoka, na machozi pia. Mama alirudi nyuma hatua moja mpaka nje. Akanyoosha kitambaa chake. Akaugonga ule mlango wazi, kwa nguvu, mpaka wale waliokuwa juu ya pikapu wakasikia, na mwalimu akatoka.