Kitanda Changu Kilivyomtoa Baba Nyumbani

Kuna watu hapa Kimulot ambao mpaka leo wakikutana nami sokoni wananiuliza kama pazia bado limeshika, nami nacheka nao, kwa sababu nikikasirika itabidi nikasirikie soko zima. Lakini aibu yenyewe niliitafuta kwa mikono yangu miwili, tena kwa bidii.

Miaka ile ya sabini mzungu mwenye kiwanda kidogo cha chai, nilikokuwa fundi wa mashine, aliuza mitambo yote akarudi kwao, nami nikabahatika kununua jengo tupu: mabati, madirisha marefu, na juu ile ghorofa ya mbao tulikokuwa tukinyausha majani. Katika takataka zake nikaokota gazeti lenye picha ya kiwanda cha Ulaya kilichogeuzwa nyumba, ukumbi mmoja mkubwa, hakuna ukuta hata mmoja, jiko hapa, viti pale, na kitanda huko juu kama mimbari. Nikasema hii ndiyo nyumba ya mtu wa kisasa. Mke wangu Kemunto aliniomba chumba kimoja tu cha kulala, nikamwambia aache ushamba (mimi, niliyezaliwa kwenye nyumba ya udongo huko Kisii).

Nyumba ilipokwisha nikamwita baba. Mama alikuwa amefariki, mzee amebaki peke yake na kifua kibovu, mimi ndiye mtoto wake wa pekee, na baada ya kumbembeleza sana alikubali kuja kuishi nasi. Nikaona siku hiyo hiyo ya kufika kwake nialike kanisa lije kubariki nyumba, baba aone kijana wake amekuwa mtu.

Akafika na sanduku lake, akasimama mlangoni, akainua macho, akaona kitanda chetu kule juu. Sasa kwa wasiojua, kwetu Kisii mzazi haoni kitanda cha mtoto wake aliyeoa, haoni kabisa, awe ameokoka au hajaokoka. Nililijua jambo hilo tangu utotoni, na kwa nini sikulikumbuka hata siku moja nikiwa na nyundo mkononi, sijui. Baba aligeuza uso, akasema kwa upole kwamba atakaa kwenye kibanda cha kupimia majani pale nje, kuna hewa nzuri. Mvua ilikuwa inanyesha.

Ningenyamaza hapo, mambo yangeisha. Lakini wageni walikuwa wakinitazama, pasta ameshika Biblia, basi nikapanda mbio, nikachukua magunia ya zamani tuliyokuwa tukianikia majani, nikayatundika yawe pazia, kwa waya kwenye misumari iliyokuwa imeliwa na kutu tangu enzi za mzungu, nikashuka nikamshika baba mkono na kumwingiza, karibu kumvuta. Aliingia akitazama viatu vyake. Pasta hata hajafika katikati ya maombi, waya ukaachia. Magunia yote yakaanguka na vumbi lao la chai, watu wakapiga chafya, na kule juu, mbele ya kanisa zima na mbele ya baba mkwe wake, Kemunto, aliyekuwa amepanda kujisitiri nyuma ya magunia, ameketi kitandani, kifua wazi, ananyonyesha mtoto wetu mchanga.

Mtu mmoja alicheka, halafu wote. Baba alifunika uso kwa kofia akatoka akipapasa kama kipofu, akajigonga kwenye mlango, wakacheka tena. Nikamkimbilia kwenye mvua.

"Baba, rudi ndani. Kesho najenga ukuta."

"Jenga, mwanangu. Mjengee mke wako," akasema. "Mimi nimeshaona."

Kurudi Kisii hakutaka, na nilichelewa sana kuelewa sababu: kule angeulizwa kwa nini amerudi, na angelazimika kunitaja. Kwa hiyo alibaki kwenye kibanda, akawa akimwambia kila aliyepita kwamba anapenda hewa ya pale. Nilijenga kuta, nikamjengea na chumba chenye mlango wake wa nje, hakukanyaga. Tukampelekea chakula, blanketi, makaa. Baridi ya Julai ilipokuja kifua kikamshinda, akafa pale nje, na mimi nikiota moto hatua chache kutoka kwake. Inaniuma hata ninapowasimulia.

Siku hizi vijana huja kuniuliza jinsi ya kugeuza stoo kuukuu kuwa nyumba ya kisasa. Nawauliza kwanza kama baba zao wako hai. Kijana akisema wake yuko, namwambia aende akamuulize yeye.